Gari la rimoti la zamani kwa bajeti ndogo: pesa itoke baada ya magurudumu kuzunguka

Kila mtaa ulikuwa na yule mtoto mmoja mwenye gari la rimoti, na wengine wote wakawa mashabiki wake. Ulipewa rimoti dakika mbili, ukaambiwa, "Haya, rudisha." Leo una kazi, una pesa kidogo kwenye simu, na gari linalofanana kabisa na lile limepostiwa mtandaoni kwa bei poa. Muuzaji anasema watu watatu wanalitaka, kwa hivyo tuma kitu kidogo akushikie.

Usitume kwanza. Magari haya ya miaka ya 70, 80 na 90 yanapatikana kwa bei ya mtu wa kawaida, lakini ni ya zamani, na kitu cha zamani huja na gharama ambazo hazijaandikwa kwenye tangazo. Bei unayotajiwa ni mwanzo tu. Bei halisi ni ile utakayokuwa umelipa siku gari litakapotembea.

Kuna magari ya aina mbili, usiyachanganye

Aina ya kwanza ni magari ya kuchezea ya kawaida, yale yaliyouzwa yakiwa tayari kwenye boksi. Kampuni za Japani kama Nikko na Taiyo zilitengeneza mengi. Ukifungua gari la namna hii, utakuta kibao kimoja cha umeme kinachofanya kila kitu: kinapokea mawimbi ya rimoti, kinaendesha mota na kinageuza magurudumu. Ni rahisi kununua, lakini kibao kikiungua au rimoti ikipotea, mara nyingi umebaki na pambo la kuweka juu ya kabati.

Aina ya pili ni magari ya kuunda mwenyewe. Yaliuzwa vipande vipande na kitabu cha maelekezo, na mnunuzi akayafunga kwa bisibisi nyumbani. Jina kubwa hapa ni Tamiya ya Japani, iliyotoa gari lake la kwanza la rimoti, Porsche 934, mwaka 1976. Baadaye kukaja pikapu ya Toyota Hilux mwaka 1981, Frog mwaka 1983, Grasshopper na Hornet mwaka 1984, na Lunch Box mwaka 1987. Kyosho, pia ya Japani, ilikuwa na Scorpion ya mwaka 1982. Kwenye magari haya, mota ni kifaa chake, kipokea mawimbi ni kifaa chake, na giya ziko kwenye boksi lake. Kimoja kikifa, unabadilisha hicho tu.

Kwa mwenye bajeti ndogo, kuna jambo moja linaloweza kukuokolea pesa nyingi. Tamiya ilirudisha sokoni modeli zake kadhaa za zamani kuanzia miaka ya 2000, zikiwemo Hornet, Grasshopper, Frog na Lunch Box. Kwa hivyo vipuri vipya kama tairi, giya na bodi bado vinatengenezwa, na vingi vinaingia kwenye gari la zamani bila shida. Gari la 1984 lenye vipuri ni nafuu kulifufua kuliko gari la 1995 lisilo na vipuri, hata kama hilo la pili limeuzwa nusu ya bei.

Ila hapo pia kuna mtego. Muuzaji anaweza kukuambia, "Hii ni orijino ya 1984," kumbe ni toleo lililorudishwa juzi. Si vibaya kulinunua, mradi usilipie bei ya kitu adimu.

Piga hesabu kabla ya kupiga simu

Tuseme umeweka shilingi 50 kila siku kwa siku 120. Una shilingi 6,000. Mbele yako kuna magari mawili ya aina ile ya kuunda. Bei hizi ni za mfano tu, ili uone hesabu inavyokwenda.

Gari A ni shilingi 2,500, halina rimoti, betri wala chaja. Rimoti na kipokea mawimbi chake ni 3,500, betri ni 1,800, chaja ni 800. Jumla ni 8,600.

Gari B ni shilingi 4,000, lina rimoti yake na chaja inayofanya kazi, ila betri imekufa. Ongeza betri ya 1,800. Jumla ni 5,800, na bado una 200 ya nauli.

Gari A lilionekana nafuu kwa shilingi 1,500. Mwishowe limekuwa ghali kwa 2,800, na umevuka bajeti. Hapo ndipo watu huanza kufuliza au kukopa kwenye simu, na gari la kuchezea linageuka deni lenye ada. Hobi isiingie kwenye mkopo. Kama pesa haijatosha, gari lisubiri.

Kanuni rahisi ni hii: gawa bajeti yako mara mbili. Nusu ni ya kununua, nusu ni ya kufufua. Ukipata gari kamili kama B, unaweza kusogeza mstari, lakini usianze kwa kumaliza pesa yote kwa muuzaji.

Pa kuwinda

Mitumba ndiyo shule ya kwanza. Gikomba na Toi jijini Nairobi, au Kongowea kule Mombasa, vitu vya kuchezea huja pamoja na mizigo mingine kutoka nje. Muulize muuzaji anafungua mzigo siku gani. Ukifika wakati wa kamera, yaani kuchagua kwa mara ya kwanza, utapata kilicho kamili lakini kwa bei ya juu. Ukingoja fagia, bei ni ya kutupa, ila rimoti huenda ishaenda na mtu mwingine. Kwa magari haya, gari na rimoti yake vikitenganishwa thamani inashuka sana, kwa hivyo kabla ya kuondoka, omba uangalie vizuri kwenye lile rundo la waya na rimoti zisizo na wenyewe.

Sehemu ya pili ni mafundi. Fundi wa redio na televisheni mara nyingi ana boksi la vitu vilivyoletwa vitengenezwe na wenyewe hawakurudi. Uliza kwa heshima, na hakikisha anachokuuzia ni chake kweli.

Sehemu ya tatu ni mtandao: Facebook Marketplace, Jiji na magrupu ya mtaa. Muuzaji anayejua jina la modeli tayari anajua bei yake. Bei nzuri iko kwa yule anayesafisha stoo, ambaye ameandika tu "gari la mtoto" na picha iliyo gizani. Tafuta kwa maneno ya kawaida, na uangalie picha kuliko maelezo. Nyota mbili, moja nyekundu na moja ya buluu, ni alama ya Tamiya.

Dakika kumi za kukagua

Beba bisibisi ndogo ya nyota, betri nane za AA na moja ya volti 9, kwa sababu rimoti nyingi za zamani hutumia moja ya hizo. Kisha fuata mpangilio huu:

1. Fungua sehemu ya betri. Ukiona unga mweupe au wa kijani, betri zilivuja. Ukiwa juu ya vyuma tu, unasafishika kwa pamba yenye siki au maji ya ndimu, kisha unakausha. Kama umekula waya na kuingia hadi kwenye kibao, punguza bei au uondoke.

2. Zungusha magurudumu ya nyuma kwa mkono. Yanapaswa kwenda kwa ulaini. Yakikwaruza au kuruka, kuna giya limekatika meno.

3. Bonyeza tairi. Mpira uliokauka na kupasuka hauwezi kurudi. Hesabu bei ya tairi mpya.

4. Angalia chasi, hasa pale mikono ya magurudumu inaposhikana na mwili wa gari. Plastiki ya zamani hukauka, na ufa mdogo hapo hufunguka mara ya kwanza gari likigonga ukuta.

5. Washa. Mbele, nyuma, kushoto, kulia. Kisha mwache muuzaji ashike gari nawe urudi hatua ishirini na rimoti. Likikatakata, huenda ni antena tu, huenda ni kitu kikubwa zaidi.

Rimoti nyingi za zamani hutumia masafa ya megahezi 27, na zile za magari ya kuunda zina vipande vidogo vinavyochomekwa, vinavyoitwa kristali. Cha rimoti na cha gari lazima viwe vya chaneli moja. Vikiwa tofauti gari halitasikia chochote, hata kama kila kitu ni kizima. Kama rimoti haipo kabisa, gari la kuunda linaweza kuwekewa rimoti mpya ya gigahezi 2.4. Lile la kibao kimoja, mara nyingi haliwezi.

Kuhusu betri, magari mengi ya kuunda yalitumia pakiti ya volti 7.2 yenye seli sita za nikeli. Ile iliyokuja na gari tangu zamani, kama imevimba au imevuja, usiichaji. Nunua mpya ya nikeli. Usishawishiwe kuweka betri ya lithiamu kwenye gari lenye kidhibiti mwendo cha zamani, kwani kidhibiti hicho hakijui kukata umeme betri ikifika chini, na lithiamu ikikamuliwa kupita kiasi huharibika na inaweza kuwa hatari ukiichaji tena.

Sasa tuongee malipo

Utaratibu mzuri ni mmoja: uone, ujaribu, ndipo ulipe. Kutaneni mchana mahali penye watu, kwa mfano kwenye duka la jumla au kituo cha mafuta. Gari likishatembea mbele yako, toa simu.

Kabla ya kuweka PIN, soma jina la mpokeaji linalotokea kwenye skrini. Kama uliyekuwa ukiongea naye anaitwa Kevin na jina lililotokea ni la mtu mwingine kabisa, simama uulize. "Hiyo ni namba ya bibi yangu" inaweza kuwa kweli, lakini ukidanganywa, utakuwa umebaki na jina la mtu usiyemjua.

Wanaouza kutoka kaunti nyingine watasema watatuma kwa basi ukishalipa. Omba video fupi ya gari likitembea, kando yake karatasi yenye jina lako na tarehe ya leo. Picha ya zamani huibwa kwa urahisi. Video yenye jina lako ni kazi kuibuni. Kisha pendekeza walete kwa kampuni ya vifurushi inayokubali malipo mzigo ukifika. Muuzaji akikataa yote mawili na bado anakukimbiza, huyo ashajieleza.

Pia elewa kurudisha muamala ni nini. Huduma hiyo ni ya pesa iliyokwenda kwa namba isiyo sahihi. Ukikosea, omba mara moja, maana mpokeaji akishatoa pesa, kazi inakuwa ngumu. Haikuwekwa kwa ajili ya ugomvi wa bidhaa. Ulituma kwa hiari, kwa namba uliyoitaka, na gari likafika bovu? Hapo unadai kwa muuzaji, na kama ni utapeli, unapeleka ripoti polisi ukiwa na ujumbe wa muamala na mazungumzo yenu. Usifute chochote.

Ukiagiza kutoka nje

Minada ya Japani na Uingereza ina magari mengi kuliko soko letu, na bei za kuanzia hushawishi. Lakini boksi la gari ni kubwa na jepesi, na wasafirishaji wengi hutoza kwa ukubwa wa boksi, si uzito peke yake. Mwombe muuzaji atoe bodi na tairi apange vitu kwenye boksi dogo. Mzigo ukifika Kenya kuna ushuru wa forodha, VAT ya asilimia 16 na ada nyingine, na hesabu huanzia kwenye bei pamoja na usafiri. Lipa kwa kadi kupitia tovuti yenyewe, kwa sababu malipo ya kadi yana utaratibu wa kupinga muamala bidhaa isipofika. Muuzaji akikuomba mlipane nje ya tovuti, ulinzi huo unauacha mlangoni.

Kabla hujatuma hata shilingi

Jiulize maswali manne. Je, ni gari la kibao kimoja au la vipande, na vipuri vyake bado vinauzwa? Jumla ya kulifanya litembee ni ngapi? Nimeliona likitembea, ana kwa ana au kwenye video yenye jina langu? Jina la mpokeaji ni la mtu ninayeongea naye?

Majibu manne yakikaa sawa, weka PIN. Moja likigoma, ngoja. Gari ambalo limekaa stoo miaka thelathini linaweza kukaa wiki moja zaidi, na kama litaenda na mwingine, shilingi zako 6,000 bado ziko kwa simu yako, zikingoja litakalofuata.