Fahamu: Kwa nini moyo hupigwa picha kabla na baada ya tiba ya katheta

Mwaka 1998, Michel Haïssaguerre na wenzake wa Bordeaux, Ufaransa, walionyesha kwamba mpapatiko wa atiria, yaani mapigo yasiyo na mpangilio yanayoanzia katika vyumba vya juu vya moyo, mara nyingi huchochewa na umeme utokao kwenye vena za mapafu, na ndiyo maana katheta, mrija mwembamba unaopitishwa kwenye mshipa wa kinena, hutumika kuunguza au kugandisha tishu zinazozizunguka.

Kabla ya tiba, picha za CT au MRI huonyesha idadi na umbo la vena hizo, huku kipimo cha mawimbi ya sauti kinachofanywa kupitia umio kikikagua kifuko cha atiria ya kushoto, kwa kuwa damu iliyoganda humo ikisukumwa huweza kufika kwenye ubongo na kuleta kiharusi.

Baadaye, mgonjwa anayekohoa damu au kuishiwa pumzi hupigwa CT ili ijulikane kama vena imesinyaa. La kuogopwa zaidi, ingawa ni nadra mno, ni tundu kati ya atiria na umio: homa na maumivu ya kumeza wiki chache baada ya tiba yasidhaniwe kuwa malaria tu, bali kifua kipigwe CT haraka, na endoskopia, yaani kipimo cha kamera inayopitishwa kwenye umio, iepukwe, kwa sababu hewa inayopulizwa wakati wa kipimo hicho huweza kuingia kwenye damu.