Kifua Kikigongwa, Kinga Inaweza Kuligeukia Pafu

Mtu akijigonga kifua kwenye usukani au akirushwa na pikipiki, picha ya kwanza ya eksirei huweza kutoka bila doa. Ndugu hushusha pumzi na kuomba aruhusiwe kurudi nyumbani. Siku ya pili anahema kwa shida, na picha mpya imejaa mawingu. Nini kimetokea?

Vifuko vya hewa vya mapafu vimefunikwa ndani na utando mwembamba uitwao safakitanti. Takriban asilimia 90 yake ni mafuta, na iliyobaki ni protini. Sifa yake kubwa ni kuzuia vifuko visinywee tunapotoa pumzi. Mwaka 1959 watafiti Mary Ellen Avery na Jere Mead walionyesha kwamba watoto njiti waliokufa kwa shida ya kupumua walipungukiwa nao.

Lakini utando huo pia huzitawala seli za kinga. Kila pumzi huingiza vumbi na vijidudu; kama makrofaji, seli walinzi wa vifukoni, zingepambana na kila chembe, pafu lingevimba daima. Protini A na D za safakitanti zina vichwa na mikia. Vichwa vikiwa huru, huishika makrofaji na kuituliza. Vikishanasa vijidudu, mikia ndiyo inayoigusa, na amri hugeuka kuwa ya vita.

Pigo huvuruga mpango huu. Mishipa midogo hupasuka, damu na majimaji yake huvuja vifukoni, na protini kama albumini na fibrinojeni huudhoofisha utando. Neutrofili, aina ya seli nyeupe za damu, humiminika na kumwaga vimeng'enya vinavyokatakata protini zilezile za kutuliza. Breki ikishakatika, uvimbe huendelea hata pale ambapo hakuna kijidudu, mara nyingi kwa saa 24 hadi 48.

Je, kuongeza safakitanti kunasaidia? Tangu daktari Tetsuro Fujiwara alipowatibu watoto njiti kwa safakitanti huko Japani, mwaka 1980, tiba hiyo imeokoa wengi. Lakini kwa watu wazima ambao mapafu yao yamefeli ghafla, majaribio makubwa hayakupunguza vifo. Dawa hukutana na uvujaji uleule, na nyingi hazina protini A wala D.

Kwa hiyo aliyepigwa kifuani aangaliwe hospitalini hata kama picha ya kwanza ni safi. Apewe dawa ya maumivu ya kutosha ili aweze kukohoa na kuvuta pumzi ndefu, kwani seli zinazotengeneza safakitanti huitoa zaidi zinapotanuliwa. Akianza kuhema haraka au midomo ikibadilika rangi, oksijeni isicheleweshwe.