Je, Asiye na Dini Aweza Kuwa Mwema?

Swali la leo huulizwa sana na vijana wetu wa Huruma: je, wema wahitaji dini, au kila mtu na awe na falsafa yake?

Mwezi wa Aprili 2016 Mwanasheria Mkuu wa Kenya alisimamisha usajili wa chama cha wasioamini kuwako kwa Mungu, akitaja usalama na utulivu wa nchi. Makanisani wengi walifurahi. Mwezi huo huo, usiku wa tarehe 29, mvua kubwa ikinyesha, jumba la ghorofa liliporomoka hapa Huruma, kando ya mto. Watu wapatao 50 walikufa. Jumba hilo lilikuwa limekwisha kutiwa alama ya kubomolewa, na bado vyumba vilikuwa na wapangaji.

Waliofukua kifusi, hata mtoto mchanga akatolewa hai baada ya zaidi ya siku tatu, hakuna aliyewauliza dini yao. Tena katika hesabu ya watu ya 2019, Wakristo walikuwa 85 kwa mia na zaidi. Wasio na dini hawakufika hata 2 kwa mia. Basi hongo na majumba mabovu ya nchi hii tutawatwikaje hao wachache? Nayasema haya nikiwa nimevaa kola ya uchungaji.

Mtume Paulo aliligusa jambo hili katika Warumi 2: hata watu wasiopewa torati wanayo mioyoni, na dhamiri yao yawashuhudia.

Lakini kwamba kila mtu ajitungie kipimo chake, hapo nakataa. Mwenye nyumba aweza kujitungia falsafa kwamba kodi ni bora kuliko nondo. Nani atamkosoa, ikiwa kipimo ni chake mwenyewe? Fundi akitundika timazi, kamba haimwulizi kama husali au hasali. Nabii Amosi alimwona Bwana akiwapima kwa timazi watu wake mwenyewe, Israeli, waliokuwa hodari wa sadaka na nyimbo. Ibada zao hazikuunyosha ukuta.

Kwa hiyo asiyeamini aweza kuuona ukuta uliopinda, na pengine akauona kabla yetu sisi wa kanisani. Linalobaki kati yake nami ni hili: kipimo hicho kilitoka wapi, hata kikatufunga sote wawili? Mimi najibu, kwa Muumba. Yeye analo jibu lake, na ningependa kulisikia.