Kituo cha Watoto Siku ya Mvua Kubwa: Kifungwe au Kiendelee?



Kila mwaka mvua zinapokaribia, swali moja hurudi katika mikutano ya matawi: siku ya mvua kubwa, je, kituo cha kulelea watoto, au kreshi kama wengi tunavyoiita, kifungwe au kiendelee na kazi? Wengine husema kifungwe mara moja, kwa kuwa uhai wa mtoto hauna bei. Wengine hujibu kwamba kikifungwa mama atakosa kazi, na kibarua asiyefika kazini hana malipo ya siku ile. Pande zote mbili zasema kweli. Kwa hiyo yafaa tulichambue jambo hili taratibu, mpaka tujue la kudai.

Jibu letu kwa kifupi ni hili: kituo na zamu ya kazi ni jambo moja, wala haviwezi kuamuliwa mbali mbali. Kituo kikifungwa huku kiwanda kikiendelea, mtoto hajaokolewa. Amehamishwa tu kutoka mahali penye mlezi kwenda mahali pasipo na mlezi.

HATARI INATOKA WAPI

Mji wa Bujumbura umekaa kati ya Ziwa Tanganyika na milima. Ufuko wa ziwa uko kiasi cha mita 775 juu ya usawa wa bahari. Upande wa mashariki, mwendo usiozidi kilometa 30, vilele vya milima vinapita mita 2,000. Maji ya mvua inyeshayo Mirwa hushuka kwa mito mifupi yenye mteremko mkali: Ntahangwa, Muha, Kanyosha, Gasenyi na mingineyo. Maji hayo huja kwa kasi, yakichukua mawe, tope na miti. Mto waweza kufurika mtaani kwako wakati ambapo kwako hakuna hata tone la mvua. Basi anayetazama mbingu za mtaa wake peke yake hajatazama hatari inakotoka.

Wakazi wa kaskazini ya mji walilijua hilo kwa uchungu. Usiku wa Jumapili tarehe 9 kuamkia tarehe 10 Februari 2014, mvua ya saa chache tu ilileta gharika katika Kamenge, Kinama, Buterere na mitaa ya jirani. Watu zaidi ya 60 walikufa, miongoni mwao watoto wengi. Nyumba nyingi zilikuwa za rukarakara, yaani matofali ya udongo yasiyochomwa, nazo zililowa zikaanguka juu ya waliolala ndani.

Tuzingatie jambo moja katika msiba ule. Ilikuwa usiku wa Jumapili, na watu walikuwa majumbani mwao. Basi neno tunalolisikia kila mara, kwamba mtoto abaki nyumbani maana nyumbani ndiko salama, si kweli kila mahali. Nyumba ya rukarakara kando ya korongo haiwezi kulinganishwa na kituo cha matofali ya kuchoma kilichojengwa mahali pa juu.

Iko pia gharika ya namna ya pili, ile ya polepole. Mwezi wa Aprili 2020 mto Rusizi ulifurika Gatumba, na maelfu ya watu wakahama makwao. Katika msimu wa mvua ulioanza Septemba 2023 maji yaliathiri watu zaidi ya 200,000 nchini, na ziwa likapanda hata kuingia mitaa ya ufukoni. Mwezi wa Aprili 2024 serikali iliomba msaada wa mataifa. Gharika ya namna hii haitaki kufungua na kufungua tena kila siku. Inatoa onyo la majuma mengi, na dawa yake ni kukihamisha kituo mapema mpaka maji yapungue.

NJIANI NDIKO KUNAKOUA

Mtoto wa mfanyakazi hupita mahali patatu: nyumbani, njiani na kituoni. Mara nyingi mjadala wetu hutaja nyumbani na kituoni tu, ukaisahau njia.

Maji yaendayo kasi, hata yakiwa ya kifundo cha mguu, yaani sentimita 15 hivi, yaweza kumwangusha mtu mzima. Yakifika sentimita 60 huchukua hata gari. Mama mwenye mtoto mgongoni na mwingine mkononi hana mkono wa kushikia kitu. Kule Arusha, Tanzania, tarehe 12 Aprili 2024, gari lililokuwa likipeleka wanafunzi shuleni lilijaribu kuvuka mahali palipojaa maji, likasombwa korongoni, na watoto kadhaa wakafa. Watoto wale hawakufa nyumbani wala darasani.

Kutokana na hayo tunapata kanuni mbili. Ya kwanza: ikiwa hatari yajulikana kabla ya alfajiri, mtoto asitolewe nyumbani, isipokuwa kama nyumba yenyewe ndiyo yenye hatari. Ya pili: ikiwa mvua imewakuta watoto kituoni, na jengo ni imara, wasirudishwe nyumbani. Kufunga mlango usipokee watoto wapya ni jambo moja. Kuwatoa waliomo na kuwatia njiani ni jambo jingine, tena la hatari zaidi.

Mlezi asilazimishwe na mtu yeyote kumkabidhi mtoto kwa kaka yake wa miaka minane aliyetumwa kumchukua katikati ya mvua. Naye mzazi asikimbilie kituoni kuvuka mto uliofurika. Ili moyo wake utulie, kituo kiwe na orodha ya watoto na namba za simu za wazazi, na habari ipelekwe kwa mjumbe wa wafanyakazi katika kila idara kwamba watoto wako salama. Kituo kiwe na akiba ya maji safi, unga wa uji, makaa, taa na mablanketi ya kutosha usiku mmoja.

KWA NDUGU ZETU WA MASHAMBANI

Katika mashamba ya chai ya milimani, kama Teza, adui mkubwa wa mara kwa mara ni radi. Mama huchuma majani huku mtoto amelazwa pembeni, au anatunzwa na msichana mdogo chini ya mti. Mvua ikianza wote hukimbilia chini ya mti ule ule, au kwenye kibanda cha kupimia majani kisicho na kuta. Mti uliosimama peke yake huvuta radi, na paa la mabati lisilo na kuta si kinga. Kinga ni nyumba iliyofungwa pande zote, au gari la bati lililofungwa milango.

Kipimo chake ni rahisi, hakihitaji chombo. Ukiona umeme hesabu sekunde mpaka usikie ngurumo. Kila sekunde tatu ni kilometa moja. Zikiwa chini ya 30, radi iko karibu: kazi isimame na watoto waingizwe ndani. Wasitoke mpaka zipite dakika 30 tangu ngurumo ya mwisho. Nyapara asiyejua hesabu hii afundishwe.

NANI ABEBE HASARA

Sasa tufike kwenye kiini cha jambo. Wazazi wengi huvuka maji na watoto si kwa ujinga. Wanajua hatari. Lakini wanajua pia kwamba siku isiyoandikwa katika daftari la karani haina pesa, na mara mbili tatu za kukosa huweza kuwa mwisho wa kibarua. Ukimwambia mama huyo alinde mtoto wake bila kumlindia mshahara, umempa maneno matupu.

Majirani zetu wa Kenya walipopata mafuriko makubwa mwaka 2024, serikali yao iliahirisha kufungua shule, zilizokuwa zifunguliwe tarehe 29 Aprili, mpaka tarehe 13 Mei. Watoto hawakutiwa njiani, na hilo lilikuwa jema. Lakini ofisi na viwanda havikufungwa pamoja na shule, na kila mzazi ilimbidi atafute mwenyewe wa kumwachia mtoto. Kwetu pia, tusipoandika mapatano, mzigo utamwangukia yule yule, na mara nyingi ni mama.

Wapo waajiri wasemao kwamba mitambo haiwezi kusimama. Wana haki kiasi: jani la chai lililochumwa haliwezi kungoja kesho, na tanuri la sabuni halizimwi kama taa. Lakini kutoka kwa wazazi wa watoto wadogo si kusimamisha kiwanda kizima. Orodha ya watakaobaki siku ya hatari yaweza kuandikwa mapema kwa mapatano, na saa zilizopotea zaweza kufidiwa katika majuma yanayofuata.

Dai hili si geni duniani. Mkataba Na. 156 wa Shirika la Kazi Duniani, wa mwaka 1981, wahusu wafanyakazi wenye majukumu ya familia, waume kwa wake, na wataka huduma za kulea watoto ziendelezwe. Mkataba Na. 155 wa mwaka huo huo wasema kwamba mfanyakazi anayejiondoa penye hatari kubwa iliyo karibu, akiwa na sababu ya kuamini hivyo, asiadhibiwe. Hivyo ni vipimo vya haki ambavyo mjumbe anaweza kuviweka mezani.

MAMBO YA KUANDIKA KATIKA MAPATANO

1. Ishara iwe moja kwa kituo na kwa kazi. Habari za mvua kutoka IGEBU, na za watu wa milimani waonao mto ukipanda, zipokewe na watu wawili waliotajwa: mmoja wa mwajiri, mmoja wa wafanyakazi. Neno lao litangazwe kwa simu na redio kabla watu hawajatoka majumbani.

2. Ishara ikitolewa, mzazi wa mtoto mdogo, baba au mama, asihesabiwe mtoro wala asipoteze malipo ya siku. Kibarua naye ahesabiwe.

3. Walezi wanaobaki na watoto baada ya saa zao walipwe saa za ziada.

4. Jengo la kituo likaguliwe kila mwaka kabla ya mwezi wa Septemba: kuta, paa, mifereji, na umbali wake kutoka korongo. Ukingo wa Ntahangwa humomonyoka. Kilichokuwa mbali mwaka juzi chaweza kuwa karibu leo.

5. Baada ya gharika kituo kisifunguliwe kwa sababu tu jua limewaka. Ukuta uliolowa huweza kuanguka siku ya pili au ya tatu. Vyoo vikifurika huchafua visima, na kipindupindu si mgeni katika mitaa ya kando ya ziwa. Kwanza jengo lipimwe, lisafishwe, na maji ya kunywa yachemshwe au yatiwe dawa.

Kila tawi likutane kabla ya mvua kuanza, liwaite walezi, wajumbe na wazazi, na liende kukitazama kituo kwa macho. Mapatano yakiandikwa wakati wa kiangazi, mama hatahitaji kubishana na nyapara huku maji yako magotini.

Umoja ni nguvu.