Wakili Huitwa Lini Kwenye Mirathi?

Matanga yakishaanuliwa, familia hupima haja ya wakili kwa kuangalia mali. Marehemu aliyeacha nyumba mbili Sumbawanga mjini na mashine ya kusaga Laela anaonekana anastahili wakili. Aliyeacha heka sita za mahindi na maharage pamoja na jozi ya maksai anaachiwa wazee wa ukoo. Kwa hesabu ya mfukoni kipimo hicho kinaeleweka, lakini kisheria kinapotosha. Nyumba mbili zinaweza kugawanywa kwa amani katika miezi michache bila mwanasheria kutia mguu, na heka sita zikazunguka mahakamani hadi wajukuu wakazikuta. Mirathi huwa nzito pale inapobeba maswali ya sheria ambayo familia, hata ikiwa na umoja na hekima, haiwezi kuyajibu yenyewe. Hoja yangu ni kwamba maswali hayo hujitokeza mapema, siku ya kufungua shauri, na hapo ndipo fedha ya wakili inapofanya kazi kubwa kuliko wakati mwingine wowote.

Kwanza tuseme wazi ni mirathi ipi haihitaji wakili. Marehemu aliishi kijijini kwa kufuata mila, au alikuwa Mwislamu na wote wanakubali mali igawanywe Kiislamu. Warithi wanajulikana, hakuna mtoto anayekanwa, hakuna anayempinga msimamizi aliyependekezwa. Familia hiyo inakwenda Mahakama ya Mwanzo ya mahali marehemu alipokuwa na makazi, inajaza Fomu Na. 1, inaambatanisha cheti cha kifo, tangazo linabandikwa ili mwenye pingamizi ajitokeze, kisha msimamizi anapewa barua ya usimamizi. Ndani ya miezi 4 anatakiwa kurejesha orodha ya mali katika Fomu Na. 5, na baadaye, kwa muda unaopangwa na mahakama, hesabu ya mgawanyo katika Fomu Na. 6. Muhtasari wa kikao cha ukoo nao huombwa, ingawa Mahakama Kuu imesema zaidi ya mara moja kwamba sheria haiulazimishi; faida yake ni kuonyesha kwamba ndugu wameshirikishwa. Kwa miaka mingi mawakili walizuiwa kabisa kuingia Mahakama ya Mwanzo, na marekebisho ya mwaka 2021 yaliwaruhusu pale tu anapoketi hakimu mkazi. Utaratibu uliotungwa kwa kudhani kwamba hakuna wakili ndani yake unaweza kufuatwa bila wakili. Anayewaambia wajane wa kijijini kwamba bila yeye fomu hazipokelewi anatafuta riziki tu.

Shida inaanza kwenye neno moja nililolipita haraka: mila. Huku kwetu Ufipa kuna historia inayolifanya neno hilo kuwa gumu. Wamisionari wa White Fathers walifika Karema, ufukweni mwa Ziwa Tanganyika, mwaka 1885, na kutoka huko Ukatoliki ukapanda hadi uwanda wa juu na kuota mizizi. Kwa hiyo marehemu wengi wa huku walibatizwa na kufunga ndoa kanisani, na wakati huohuo walitoa mahari, walilima matuta ya ntumba kwenye ardhi ya kijiji na kumaliza magomvi yao mbele ya wazee. Mtu wa namna hiyo akifa bila wosia, mali yake inafuata sheria ipi? Tanzania ina majibu matatu yaliyo mbali sana. Kwa Mkristo aliyeacha maisha ya kimila hutumika Sheria ya Urithi ya India ya mwaka 1865, tuliyorithi kwa Mwingereza: mjane mwenye watoto anapata theluthi moja, na theluthi mbili wanagawana watoto sawasawa, wa kike kwa wa kiume. Kwa Mwislamu, mjane mwenye watoto hupata thumni, na mtoto wa kiume hupata mara mbili ya wa kike. Kanuni za urithi wa kimila zilizotangazwa mwaka 1963 kwa jamii zinazofuata ukoo wa baba zinamtanguliza mtoto wa kiume wa kwanza, zinawaweka mabinti daraja la mwisho, na zinamnyima mjane fungu ikiwa mumewe ameacha ndugu wa ukoo. Mahakama Kuu iliombwa izifute, na mwaka 2006 ilikiri kwamba zina ubaguzi lakini ikakataa kuzifuta. Mwaka 2015 kamati ya Umoja wa Mataifa ya haki za wanawake ikaona Tanzania imekiuka mkataba wake.

Mahakama haiamui kwa kutazama cheti cha ubatizo peke yake. Inapima mambo mawili: namna marehemu alivyoishi, na nia aliyoionyesha kuhusu mali yake. Uamuzi wa mwaka 1969 unaorejewa hadi leo ulihusu Mngoni ambaye mahakama iliona ameshaachana na maisha ya kimila, na kabila lake halikutosha kuirudisha mali yake kwenye mila. Kipimo hicho ni cha haki, ila hakina uhakika. Mwalimu mstaafu wa Namanyere aliyeoa kanisani, akajenga mjini na kuzikwa kijijini, anaweza kuvutwa upande wowote kulingana na ushahidi. Na tofauti kati ya theluthi moja na kutopata kitu si tofauti ambayo kikao cha ukoo kinaweza kuitatua kwa busara, kwa sababu wengi wanaokaa kikaoni wana maslahi katika jibu.

Zaidi ya hayo, jibu ndilo linalochagua mahakama. Mahakama ya Mwanzo ina mamlaka juu ya mirathi inayofuata sheria ya kimila au ya Kiislamu. Mirathi inayoangukia sheria ya 1865 ikifunguliwa huko, kila kilichofanyika kinasimama juu ya mchanga: miaka 5 baadaye mrithi aliyenuna anapanda hadi Mahakama Kuu, Sumbawanga, na uteuzi wa msimamizi unaweza kubatilishwa pamoja na mgawanyo wote. Aliyeuziwa nyumba naye anaingia kwenye kesi. Kosa la namna hii halina uhusiano wowote na ukubwa wa mali, na kulizuia kunahitaji ushauri wa saa moja kabla ya kujaza fomu. Baada ya saa hiyo, jibu likiwa ni sheria ya kimila au ya Kiislamu, familia inaweza kurudi Mahakama ya Mwanzo na kuendelea peke yake.

Maswali mengine yako wazi zaidi na yanatosha kutajwa: wosia unaotiliwa shaka, mali iliyowekwa rehani benki, warithi walio chini ya miaka 18, nyumba mbili za wake ambazo haziaminiani, shamba la kijiji ambalo mabinti wanaambiwa si lao. Hili la mwisho lina silaha iliyo tayari: Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999 inabatilisha mila inayomnyima mwanamke haki ya kumiliki ardhi. Wilaya ya Kalambo inaongeza la kwake. Watu wa huko wana ndugu, na pengine mashamba, upande wa pili wa mpaka. Barua ya usimamizi iliyotolewa Matai haimpi mtu mamlaka Zambia mpaka mahakama ya huko iitambue. Sheria ya Zambia ya 1989 kwa waliokufa bila wosia inawapa watoto asilimia 50, mwenzi 20, wazazi 20 na wategemezi 10, na haigusi ardhi ya kimila. Kama marehemu alikuwa na makazi yake ya kudumu Zambia au Tanzania, hilo ni swali la kisheria kamili.

Wapo watakaosema kwamba kumwita wakili ni kutangaza vita ndani ya nyumba. Kuna ukweli hapo, endapo wakili anakuja kwanza na barua ya madai. Lakini familia nzima ikimwendea pamoja kabla ya mgawanyo, inakuwa imekubaliana kuuliza swali, na ni vigumu baadaye kwa mmoja kudai alifichwa. Pingamizi la gharama lina uzito zaidi. Ada na nauli ya kutoka Kirando hadi Sumbawanga si kitu kidogo kwa anayesubiri bei ya mahindi ipande. Hapo ndipo Sheria ya Msaada wa Kisheria ya 2017 inapofaa: wasaidizi wa kisheria hawawezi kumwakilisha mtu mahakamani, lakini kazi ya kutambua kwamba mirathi hii ina swali gumu wanaiweza, na hawaruhusiwi kutoza ada.

Pingamizi ninaloliheshimu kuliko yote ni kwamba wakili humtumikia anayemlipa. Ni kweli, na ni vizuri iwe wazi. Wakili wa msimamizi si wakili wa warithi, na msimamizi mwenyewe si mmiliki wa alichokabidhiwa. Mjane anayeona Fomu Na. 6 haijarudishwa mwaka wa pili ana sababu ya kutafuta wakili wake mwenyewe, hata kama mali ni heka sita. Ahakikishe tu kwamba huyo ni wakili mwenye leseni hai ya mwaka huo, kwa kuuliza Chama cha Mawakili Tanganyika, maana vishoka hukaa karibu na milango ya mahakama. Na asingoje sana kwa kuwaonea ndugu haya: muda wa kudai ardhi ya marehemu ni miaka 12, nao huanza kuhesabiwa siku ya kifo.