Nyama Inapogoma Kushuka

Huku Bomet na Kericho, nchini Kenya, ugonjwa huu hujitambulisha mezani. Nyama choma ndiyo hugoma kwanza, na mtu akaisukuma kwa maji bila kuwaza sana. Kisha zamu ya ugali. Ikifika siku uji nao unamkaba, ndipo watu wa nyumbani humpeleka Tenwek, hospitali ya misheni iliyoanza kama zahanati mwaka 1937 kando ya mto Nyangores, na ambayo siku hizi inafunza madaktari wa upasuaji. Mara nyingi wanakuwa wamechelewa.

Ni saratani ya umio, njia ya chakula kutoka kooni hadi tumboni. Kwingi duniani ni maradhi ya wazee. Lakini kumbukumbu za Tenwek za kuanzia 1996 hadi 2009 zilikuwa na wagonjwa 109 wenye miaka 30 au chini yake, na mdogo kabisa alikuwa na miaka 14. Matokeo hayo yalichapishwa mwaka 2010, na kiini chake kilikuwa umri wa watu waliokuja kutafuta namna ya kumeza. Wengi wa vijana waliohojiwa hawakuwa wavutaji wala wanywaji, ila wengi walikuwa na ndugu waliougua saratani.

Aliyechelewa huwekewa mrija wa wavu wa chuma. Huingizwa mdomoni ukiwa umebanwa mwembamba, na ukifika penye uvimbe huachiliwa, ukatanuka wenyewe na kuufungua mlango. Desturi ni kuuongoza kwa picha za eksirei zinazotembea, mashine ambayo hospitali nyingi za mashambani hazina. Dkt. Russell White na wenzake wa Tenwek waliuweka bila mashine hiyo, wakaripoti matokeo katika jarida la Lancet Oncology mwaka 2009. Mrija hauponyi. Lakini mtu aliyekuwa akitema mate yake mwenyewe anarudi kwenye sahani, na mimi siwezi kuliita hilo jambo dogo.

Swali gumu zaidi ni jinsi ya kumpata mgonjwa kabla nyama haijagoma. Watafiti waliwapima watu wazima 305 wa eneo hilo wasio na dalili yoyote. Walishusha kamera ndani ya umio, kisha wakanyunyiza ayodini. Chembe zenye afya zina akiba ya wanga, hivyo hunywa rangi na kuwa kahawia iliyoiva. Zilizoanza kuharibika hazina akiba hiyo, zikabaki mabaka ya manjano. Daktari hukata kipande kidogo hapo na kukipeleka chini ya hadubini. Ripoti ya 2016 ilisema takriban mtu mmoja kati ya saba alikuwa na mabadiliko yanayoweza kutangulia saratani. Yakikutwa mapema, huweza kuondolewa kwa kamera ile ile, bila kufungua kifua.

Chanzo, je? Kila mtu ananyooshea chai kidole. Mwaka 2016 shirika la kimataifa la utafiti wa saratani liliweka vinywaji vya zaidi ya nyuzi 65 katika orodha ya vinavyoelekea kusababisha saratani. Kosa ni la moto, si la jani. Ng'ambo ya mpaka, Kilimanjaro nchini Tanzania, watafiti walikuta watu wakianza kunywa chai ya maziwa ikiwa takriban nyuzi 70. Mursik, maziwa yetu yaliyochachushwa, nayo imechunguzwa, ikakutwa na asetaldehidi, kemikali inayohusishwa na saratani. Ongeza moshi wa kuni jikoni na urithi wa ukoo. Hakuna kimoja kinachoeleza yote.

Kwa hiyo tangazo la kila siku la kuacha sigara na pombe linampita mama wa Bomet asiyegusa chochote kati ya hivyo. Ningepewa dakika moja kwenye redio ya Kass FM, ningemwambia aache kikombe kipoe kidogo, na kwamba nyama ikikwama mara ya pili asiisukume kwa maji, aende kupimwa kwa kamera.