Kabla ya Kuchimba Shimo la Maji ya Mvua

Mwezi ninaoitwa zaidi ni Mei. Masika yamekolea, na mwenye nyumba wa Ukunda au Galu ananionyesha ua uliogeuka bwawa: maji ya paa yanashuka na bomba, yanazama ardhini, kisha yanafufuka kando ya msingi. Karibu kila mmoja ameshajiamulia dawa. "Fundi, nichimbie shimo jingine."

Namwomba asubiri. Mara nyingi shimo la zamani limezibwa tu. Majani ya mvinje, membamba kama sindano, huteleza kwenye gata bila kukwama, na vumbi la mabati huyafuata. Yakifika shimoni hujaza nafasi kati ya mawe, na maji hayana tena pa kupita. Shimo jipya bila chemba ya kunasa uchafu litafuata njia hiyo hiyo. Chemba yenyewe ni kazi ndogo: kisanduku cha matofali chenye mfuniko, bomba la kutokea likiwa juu ya sakafu kwa sentimita 30 hivi ili mchanga utulie chini.

Kosa la pili nililifanya mwenyewe. Nilimchimbia mama mmoja wa Msambweni shimo refu mwezi wa Februari, kaskazi ikivuma na ardhi imekauka. Ilipofika Mei, maji ya chini yalipanda yakalijaza kutoka kitakoni, na maji ya paa yakakosa nafasi. Tangu siku hiyo huanza na kisima cha jirani: maji yalipanda hadi wapi masika yaliyopita? Kitako cha shimo kikae angalau mita 1 juu ya alama hiyo.

Halafu ardhi yenyewe iulizwe. Chimba kijishimo cha sentimita 30 kila upande, kwenye kina ambacho shimo litafikia. Kijaze maji, yaache yanywewe, kijaze tena, kisha tazama saa. Yakishuka nusu ndani ya saa chache, ardhi inafaa. Yakilala hadi kesho yake, una udongo wa mfinyanzi, na hakuna shimo litakalokusaidia hapo.

Yakitoweka kwa dakika moja, wengi hufurahi. Mimi ndipo ninapoogopa. Ukanda wa Tiwi, Diani hadi Msambweni umekalia mwamba wa matumbawe, wenye nyufa na mapango madogo. Maji yakipata ufa hayachujwi. Yanakwenda moja kwa moja hadi kwenye maji ya visima, yakibeba kinyesi cha ndege na chochote kilichokuwa juu ya paa. Hapo weka tabaka nene la mchanga chini ya mawe, na ukae mbali na kisima. Maji ya choo yasiunganishwe humo kamwe.

Kuhusu ukubwa, hesabu ni nyepesi: milimita 1 ya mvua juu ya mita 1 ya mraba ni lita 1. Paa la mita za mraba 120 likipigwa na mvua ya milimita 25 hutoa lita 3,000. Shimo la mita 1.5 kila upande, likishajazwa mawe, hubakiza nafasi ya lita 1,000 na kidogo tu, kwa kuwa mawe yamechukua sehemu kubwa. Kwa hiyo ningependa tangi litangulie, na shimo lipokee yanayofurika. Hayo yanayofurika yana faida ardhini, kwani ufukweni maji matamu huelea juu ya maji ya chumvi: kila mita 1 ya maji matamu juu ya usawa wa bahari huikandamiza chumvi takribani mita 40 chini. Mvua inayonywewa uani hulisha tabaka hilo; inayokimbilia barabarani imepotea.

Yule mama nilimrudia. Shimo la kwanza nililifukia, nikachimba mtaro wa mita 6 chini ya minazi, kina sentimita 70, mita 5 na zaidi kutoka kwenye msingi. Tulitandika kitambaa cha kuchuja, tukamwaga kokoto ngumu zilizooshwa, tukafunika kitambaa tena kisha udongo. Maji yaliyokosa nafasi kwenda chini yalipata nafasi kwenda kando. Kila Machi, kabla ya mvua, yeye hufunua chemba na kuchota mchanga kwa kata ya zamani.